Tabo kwenye joto la Unguja: itunze mwenyewe nyumbani, halafu ndo uiongeze nguvu

Gari za tabo (turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa presha) zimekuwa nyingi visiwani kwetu. Kaa Michenzani jioni utaziona zinapita, Forester, Impreza, Caldina za GT-T, Mark II za 1JZ, mpaka vile vi-Suzuki vidogo vya injini ya 660cc vina tabo yake humo humo, na Prado za dizeli ndo usiseme. Karibu zote zimeshuka bandarini kutoka Japani zikiwa zishatumika miaka, na wanaozinunua wengi ni vijana wanaopenda gari kwa dhati. Sasa mtu akishaipata tu, kitu cha kwanza anataka presha ya tabo iongezwe, anatafuta mafla kubwa na blofu (valvu ya kutolea hewa ya tabo iliozidi) ya kupiga kelele, na hajui hata oili iliyomo ni ya aina gani. Nnachotaka kukwambia ndugu yangu ni hichi: hio gari uliyoinunua kuna nguvu ilikuja nayo kiwandani na sasa haipo, imeliwa na paipu zilizopasuka, joto, plagi feki na oili chafu, na nguvu hio unaweza kuirudisha mwenyewe uwani kwako kwa pesa kidogo. Irudishe hio kwanza. Kuongeza baadae.

Mfano wangu mkubwa utakuwa Subaru zenye injini ya EJ20 ya tabo kwa sababu ndo nyingi na ndo nnazozijua zaidi, ila mengi utayatumia kwenye gari yoyote.

Kwanza uelewe inavyofanya kazi maana bila hivyo utakuwa unabadilisha vitu kwa kubahatisha. Moshi wa ekzosi unazungusha gurudumu moja, gurudumu hilo limeshikana kwa shafti na gurudumu la pili ambalo linavuta hewa na kuisukuma kwenye injini kwa presha. Shafti hio inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye tabo nyingi za gari zetu inaelea juu ya oili tu, hapana bearing ya gololi pale. Hewa ikishagandamizwa inapata moto, kwa hio inapitishwa kwenye intakula ipoe, halafu ndo inaingia kwenye silinda. Kompyuta ya gari inapima hewa ilioingia na kutoa petroli kwa kiasi chake. Ukilijua hilo utaona wenyewe kwamba maadui ni watatu: oili mbaya, joto, na hewa inayovuja. Yote matatu kwetu yapo tele.

OILI

Upande wa ekzosi wa tabo ya petroli moshi unaweza kufika nyuzi 900 gari ikikanyagwa sana. Oili inapita hapo pembeni yake. Ukitumia oili ya bei ya chini, au ukizima gari papo hapo baada ya kuikimbiza, ile oili iliyobaki ndani inaungua inakuwa kaa, na kaa hilo ndo linaziba njia ya oili, na njia ikiziba shafti inakwenda kavu. Tabo nyingi zinazosemwa "imekufa yenyewe" zimekufa hivyo.

Tumia oili ya sinthetiki kamili, 5W-40 au 10W-40 kwa joto letu na kwa injini ambayo ishatembea, tizama na kitabu cha gari kinaruhusu ipi. Badilisha kila kilomita 5,000, na kama gari yako kazi yake ni safari fupi fupi za mjini na foleni ya Darajani basi usifike hapo, badilisha mapema. Chujio kila mara pamoja na oili, usibadilishe oili ukaacha chujio. Nunua kwa mtu unaemjua maana madumu ya oili feki yapo, kofia ukiiona ilishafunguliwa au lebo imepinda pinda liache pale pale dukani.

Kuibadilisha nyumbani ni hivi. Washa gari ipate moto kidogo kama dakika tano, izime, iinue kwa jeki na UIWEKE KWENYE STENDI, usiingie chini ya gari inayoshikwa na jeki tupu wala matofali ya kuchomeka, matofali yetu yanapasuka bila kukupa taarifa. Fungua bolti la sampo (lile karai la oili chini ya injini), acha itiririke mpaka iwe matone, badilisha ile washa ya bolti, funga. Chujio jipya lipake oili kwenye mpira wake, ukiweza lijaze oili kabla ya kulifunga, kaza kwa mkono tu. Tia oili kidogo kidogo ukitizama stiki. Ukiwasha usiguse resi kabisa mpaka taa ya oili izime na uiache inguruma taratibu kama nusu dakika hivi, maana tabo inasubiri oili ifike kwake.

Halafu fanya kitu ambacho mafundi wengi hawana muda nacho, lile chujio la zamani likate ufungue karatasi ya ndani uitizame juani. Ukiona chembe zinazong'aa kama shaba hio ni bearing ya injini inaondoka, na gari hio usiiongeze presha hata kidogo.

Injini za EJ za tabo zinakula oili kiasi, hilo la kawaida, ila ina maana stiki utizame kila wiki na si kila mwezi. Baina ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Na kwenye baadhi ya EJ kuna bolti la tundu linaloshika paipu ya oili ya tabo, ndani yake mna kichujio kidogo cha wavu. Oili ikikaa sana wavu ule unajaa uchafu na tabo inakosa oili. Mwambie fundi akutolee usafishe, au ubadilishe kabisa.

Kuhusu kuzima gari: ukitoka Nungwi umekuja mbio, zile kilomita mbili tatu za mwisho nenda pole pole, ukifika acha inguruma dakika moja au mbili halafu zima. Hivyo tu. Hapana haja ya kununua kifaa cha kuchelewesha kuzima.

Na oili chafu tafadhali sana usiimwage uwani wala kwenye mtaro. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yana matundu, kinachomwagwa juu kinakwenda chini kwenye maji yale yale ya visima tunayokunywa. Itie kwenye dumu uwapelekee gereji, wapo wanaoikusanya.

JOTO

Hapa ndo penye shughuli kubwa, kwa sababu gari hizi zimetengenezwa nchi yenye baridi na sie tunaziendesha Januari kwenye kaskazi, joto kali na unyevu juu.

La kwanza tamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto la injini. Kuna tabia gari ikichemsha fundi anaitoa tamostati anaitupa, anakwambia "hii kwetu haina kazi". Ina kazi. Bila tamostati injini inakaa baridi safari nzima ikiwa inatembea, kompyuta inadhani bado haijapata moto inazidisha petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, na oili yenyewe inachanganyika na petroli. Kwenye EJ mbaya zaidi maana tamostati inakaa upande maji yanapoingilia na ndo inayoamua maji yapite kwenye rejeta au yazunguke njia ya mkato, ukiitoa maji mengine hayapiti kwenye rejeta hata kidogo, kwa hio kwenye foleni itachemsha vile vile. Kama gari inachemsha tafuta kwa nini. Rejeta imeziba, feni moja haizunguki, mfuniko umechoka, pampu ya maji, au gasketi ya hedi. Weka tamostati mpya ya orijino.

La pili maji. Maji ya kisima usitie. Yana chokaa na pahala pengine chumvi, yanajenga magamba ndani ya rejeta na kutafuna aluminiamu. Tia kulanti iliochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yaliyosafishwa, ambayo hayana madini. Injini ya tabo ya Subaru ina mifuniko miwili, mmoja uko kwenye kitangi cha juu karibu na intakula na mmoja kwenye rejeta, na HAIFANANI kazi, usiibadilishe ukaweka huu pale na ule hapa. Kujaza unajaza kwenye kitangi cha juu, pua ya gari iwe imeinuka, hita ya ndani umeifungua moto mpaka mwisho, acha gari inguruma mapovu yatoke na uendelee kuongeza. Hewa ikibaki ndani utadhani gari ina ugonjwa mkubwa kumbe ni povu tu. Na mfuniko usifungue gari ikiwa ya moto, mvuke ule unababua uso.

La tatu usiiamini sindano ya dashibodi. Imetengenezwa ikae katikati muda mrefu, ukiiona inapanda joto lishapita kiasi zamani. Tumia kifaa cha kusoma kompyuta ya gari au weka geji ya namba. Nyuzi 85 mpaka 95 ni kawaida, ikipita 105 tafuta kivuli usimame.

Sasa intakula. Kwenye Subaru iko juu ya injini na inapozwa na lile tundu la boneti. Fungua boneti utizame ule mpira au sponji baina ya tundu na intakula, kwenye gari nyingi ushaoza, hewa inapita pembeni badala ya kupita kwenye intakula. Kata sponji ya kukazia madirisha ubandike mpya, kazi ya nusu saa na tofauti utaisikia. Zile pezi zake zikiwa zimelala zinyanyue moja moja kwa kibisibisi kidogo, piga maji ya presha ndogo kutoka chini kwenda juu mchanga utoke. Na ukisimama foleni muda mrefu intakula inaota moto kutoka kwa injini iliyo chini yake, kwa hio ukitoka pale usikanyage moja kwa moja, tembea kidogo upepo upite kwanza.

Wanaopenda kutoa boksi la chujio la hewa wakaweka lile chujio la uyoga ndani ya boneti, nawaomba walirudishe boksi. Chujio lile linavuta hewa ya moto iliokuwa inazunguka injini, na hewa ya moto ni nyepesi, nguvu inapungua. Kelele inaongezeka, hilo kweli, ila gari haiendi. Halafu vumbi la barabara za shamba lile jeupe ni kali, boksi la kiwandani lenye chujio la karatasi zuri linalizuia vizuri zaidi. Piga hewa au badilisha mapema kama unakwenda shamba kila siku.

KUTAFUTA HEWA INAYOVUJA

Mie hichi ndo kipimo nnachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakina gharama na kinarudisha nguvu nyingi. Gari ya miaka ishirini mipira yake imepikwa, inapasuka. Subaru ina sensa ya kupima hewa karibu na boksi la chujio. Hewa ikishapimwa halafu ikavujia mbele, kompyuta haijui, inatoa petroli ya hewa yote wakati nyengine ishatoka nje. Matokeo yake utaona moshi mweusi ukikanyaga, gari nzito, petroli inakwisha haraka, plagi nyeusi. Mtu atakwambia tabo imekufa, wakati ni klampu imelegea.

Vifaa: kifuniko cha paipu ya PVC kinachoingia kwenye mpira wa kuvutia hewa wa tabo (pima kwanza kipenyo, gari zinatofautiana), valvu ya tairi isiyo na tyubu kutoka kwa fundi tairi, klampu nzuri, pampu yenye geji, na chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni. Toboa kifuniko katikati, vuta valvu ipite, basi kifaa tayari.

Injini iwe baridi na imezimwa. Toa boksi la chujio pamoja na sensa, chomeka kifuniko kwenye mpira unaokwenda kwenye tabo, kaza klampu sawa sawa. Ile hosi ya injini ya kupumulia iliounga kwenye paipu ya kuvutia itoe uzibe pande zote mbili, usije ukaitia presha injini chini ikasukuma sili. Kaa ubavuni, usikae mbele ya kifuniko, maana kikichomoka kinaruka. Sukuma hewa taratibu mpaka 0.5 ba, ikishikilia nenda 0.7, usipite hapo, hicho kinatosha kuonyesha.

Sikiliza kwanza kwa masikio kabla ya sabuni. Halafu pulizia kwenye kila maungio: ile paipu yenye matawi baina ya tabo na intakula, kingo za intakula pale plastiki ilipobanwa na aluminiamu, gasketi ya blofu, mpira wa throto (mlango wa hewa ya injini), chini ya noziri (zinazopulizia petroli), na vile vimipira vidogo vyote vya vakyumu ambavyo ukivikunja vinakatika kama biskuti. Pakitoka mapovu ndo hapo. Kuna hewa itapotea kupitia valvu za injini zilizo wazi, utaisikia kwenye ekzosi, hio si tatizo, geji itashuka pole pole. Ikishuka ghafla ndo tatizo.

Vimipira vya vakyumu badilisha vyote kwa mkupuo, nunua mita chache za silikoni zenye kipenyo kile kile, na ubadilishe kimoja kimoja, toa hiki weka hiki, usivitoe vyote ukaja kutafuta kipi kinakwenda wapi. Paipu kubwa kama hazipatikani hapa agiza Dar, Gerezani Kariakoo huwa zinapatikana, zinakuja na boti siku ya pili.

Maadam mpira wa tabo uko wazi, tia kidole uguse gurudumu la ndani. Lizungushe, liende laini bila kukwaruza. Likicheza kidogo kulia na kushoto sawa, ni nafasi ya oili. Likienda mbele na nyuma, au mabawa yake yamelika kingo, tabo hio inataka matengenezo. Unyevu kidogo wa oili kwenye paipu ni kawaida, oili ikiwa imetuama si kawaida.

PLAGI, WAYA NA MKANDA

EJ za tabo nyingi zinatumia NGK PFR6G na nafasi ya ncha 0.7 mpaka 0.8 mm. Feki zipo nyingi, na plagi feki kwenye gari ya tabo inavunjika ncha ikaangukia ndani. Kuzifikia unatoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande mwengine, injini iwe baridi kwa sababu hedi ni aluminiamu. Anza kuifunga kwa mkono mpaka ikae, usianze na spana. Zilizotoka zipange kwa namba ya silinda uzisome: rangi ya kahawa ya maziwa nzuri, nyeusi ya masizi petroli imezidi, nyeupe yenye malengelenge joto limezidi au petroli haitoshi, na ukiona vidoto vya fedha kwenye ule udongo mweupe hio injini imekuwa ikigonga na pistoni inamegeka. Hapo simama, pima kompresheni (presha ya kugandamiza) silinda zote nne kabla ya jambo jengine lolote, namba zikaribiane.

Hewa ya bahari inakula waya za hasi. Kuna waya kutoka betri kwenda bodi, na nyengine kutoka injini kwenda bodi. Zifungue, zipige msasa ziwe nyeupe, funga, paka grisi. Nshaona gari inamisi ikabadilishwa koili zote bure, ilikuwa waya wa hasi umeota kijani.

Mkanda wa taimini wa EJ kipimo chake ni kama kilomita 100,000, lakini odomita za gari zilizotumika huwezi kuzitegemea na mpira unachakaa kwa umri pia. Tafuta stika ya Kijapani ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita. Huioni, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika valvu zinagonga pistoni. Hii kazi mpe fundi anaejua Subaru, na rola zake zote zibadilishwe pamoja.

SASA KUONGEZA NGUVU

Japani kuanzia 1989 mpaka 2004 viwanda vilikubaliana visitangaze gari yenye zaidi ya farasi 280, na zile ndogo za 660cc mwisho wao 64. Ndo maana watu wanasema gari hizi zimefungwa zinangoja kufunguliwa. Kuna ukweli humo, lakini Impreza WRX ya EJ205 ilitoka na farasi 250 na Forester XT ya SG5 ilitoka na 220, na hizo namba zilipatikana kwa petroli ya premiamu ya Japani ambayo ni oktani kama 100. Yetu ya sheli haifiki hapo. Oktani ikiwa ndogo petroli inajiwakia yenyewe kabla ya wakati wake, injini inagonga, na kugonga ndo kunakovunja pistoni. Kwa hio gari yako hata kabla hujaigusa tayari inafanya kazi karibu na ukingo. Kuongeza presha juu ya hapo bila kugusa kompyuta ni kuitafutia injini kifo.

Ndani ya injini kuna sensa inayosikiliza kugonga huko na kompyuta inarudisha nyuma wakati wa cheche. Unaweza kuyasoma hayo mwenyewe. Vile vifaa vidogo vya bluetuthi vya bei rahisi mara nyingi havizungumzi na gari za zamani za soko la Japani, usishangae. Kwa Subaru nunua waya wa Tactrix OpenPort, tia kwenye laptopu programu ya RomRaider ambayo ni ya bure, na angalia namba inayoitwa IAM, inayoonyesha kompyuta inaiamini petroli yako kiasi gani kwenye wakati wa cheche. Kwenye kompyuta mpya za biti 32 inatakiwa iwe 1.0, kwenye zile za biti 16 iwe 16. Ikiwa chini ya hapo gari imesikia kugonga imekata nguvu yenyewe. Angalia na marekebisho ya petroli ya muda mrefu (kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza), yakiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini ni mazuri, yakipita tafuta uvujaji au safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalum. Gari ikishakuonyesha IAM kamili, petroli imetulia, kompresheni sawa na joto sawa, hapo ndo unaongea habari ya kuongeza.

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza pampu mpya ya petroli, ya zamani ishachoka na presha ya tabo ikipanda ndo inaposhindwa. Pili geji ya kweli ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ile yenye sensa pana. Tabo ikiwa imejaa unataka kuona kama 11 mpaka 11.5, yaani uzito wa hewa kwa sehemu moja ya petroli, ikienda 13 ondoa mguu hapo hapo. Tatu ekzosi, ile paipu ya kwanza kutoka kwenye tabo ikipanuliwa ndo inayotoa faida kubwa kuliko mafla ya nyuma, lakini ukiipanua presha inaweza kujipandisha yenyewe kupita ilivyopangwa, kwa hio haifungwi bila kuandikwa upya kwa kompyuta. Nne ndo programu ya kompyuta. Wapo wataalamu wa nje wanaofanya kazi kwa mbali, unawatumia rekodi za gari yako, wanakutumia faili, unaingiza kwa ule waya, unarekodi tena, mpaka ikae sawa. Mwambie ukweli kuhusu petroli yako na joto la kwetu, asikuandikie ya oktani 100. Noziri zikifika asilimia 85 ya uwezo wake hapo ndo mwisho mpaka ubadilishe kubwa.

Lile bomba la kufungulia presha kwa mkono linalouzwa kwa bei poa, unalizungusha tu presha inapanda, usilifunge peke yake. Halijui petroli, halijui cheche. Na blofu ya kutoa hewa nje ikapiga "pshhh" kwenye gari yenye sensa ya kupima hewa inaharibu mahesabu, hewa ishapimwa halafu imetupwa, ukibadilisha gia gari inajikwaa na moshi mweusi. Rudisha ile ya kiwandani inayorejesha hewa kwenye paipu.

Wenye 1JZ za zamani za tabo mbili, gurudumu la upande wa moshi ni la keramiki, presha na joto vikizidi linapasuka vipande. Ziacheni kwenye presha ya kiwandani mpaka mpate tabo za chuma. Wenye dizeli za 1KZ, kama zile za Prado za zamani, tatizo lenu si presha, ni joto, hedi ile inapasuka ikichemshwa, kwa hio pesa ya kuongeza nguvu ipelekeni kwenye rejeta.

Kabla ya kujaribu chochote angalia breki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, na hewa yetu imejaa unyevu, badilisha DOT 4 kila miaka miwili. Tairi zisome tarehe ubavuni, tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka.

Kurekodi usifanyie mjini wala barabara ya Jozani, pale wanapita kima punju na matuta yamewekwa kwa ajili yao. Tafuta kipande kilichonyooka cha nje, asubuhi mapema kabla ya watoto kwenda skuli na daladala kuanza, mwengine ashike laptopu wewe shika usukani. Gia ya pili kutoka mzunguko 2,500 mpaka 5,500 inatosha kabisa kuonyesha kinachoendelea na bado uko kwenye mwendo ambao gari ya ng'ombe ikitokea unaweza kusimama. Ukiona namba za kugonga zimetokea, acha, usirudie kuhakikisha.

Ikishakaa sawa itembeze kilomita kama 500 halafu rudi kwenye boneti, kaza klampu zote, toa plagi uzisome, tizama stiki. Na kama programu uliiandikisha Julai wakati wa kusi na upepo baridi, ikifika Januari rekodi tena kabla hujaikanyaga, maana hewa inayoingia kwenye ile tabo ni nyengine, na kama IAM imeshuka mrudishie mtaalamu wako rekodi apunguze presha au cheche kidogo.